Wanaume, Wanawake na Virusi vya Mapafu

Virusi vinavyoshambulia njia ya hewa haviwaumizi wanaume na wanawake sawasawa. Katika janga la UVIKO-19 walioambukizwa walikaribiana kwa idadi, ila waliozidiwa na kufa walikuwa wanaume zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliojumlisha wagonjwa zaidi ya milioni 3 wa nchi nyingi, ulikuta uwezekano wa mwanaume kulazwa chumba cha mahututi ukikaribia mara 3 ya ule wa mwanamke.

Kongo nako tofauti hiyo ilionekana. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa Kinshasa Machi 10, 2020, na hadi mwisho wa Julai hospitali 7 za mji huo zilikuwa zimefuatilia wagonjwa 766. Theluthi mbili hivi walikuwa wanaume. Takwimu hiyo isimezwe nzima, kwani inahesabu waliolazwa, si walioambukizwa. Aliyebaki nyumbani kwa kukosa nauli au mtu wa kumwachia watoto hayumo.

Maisha nayo huliandaa pafu kabla kirusi hakijafika. Huko Alunguli, komine ya mji wa Kindu mkoani Maniema, ng'ambo ya kulia ya mto Kongo, mama anayepika kwa kuni au makaa huvuta moshi kila siku. Mwanaume aendaye kuchimba dhahabu au kasiterite, yaani madini ya bati, mkoani humo hurudi na vumbi kifuani, na wavutaji sigara wengi ni wanaume. Kila upande una jeraha lake, na wala si rahisi kulitenga na kazi ya maumbile.

Hata hivyo maumbile yapo. Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanaume moja. Kwa kawaida moja kati ya zile mbili huzimwa, lakini baadhi ya jeni zake huponyoka, ikiwemo TLR7, inayosaidia kuitambua RNA ya kirusi na kuamsha kinga mapema. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi walieleza habari za vijana 4 wa kiume kutoka familia mbili, wote wazima kabla ya hapo, waliozidiwa na UVIKO-19. Wote walikuwa na hitilafu katika jeni hiyo. Mwanaume hana nakala ya pili ya kumwokoa.

Homoni nazo huchangia: estrojeni huchochea kinga, testosteroni huituliza. Hazitoshi kueleza yote, maana virusi vya RSV, vinavyowabana kifua watoto wachanga, huwalaza wavulana zaidi ya wasichana, miaka mingi kabla ya balehe. Njia za hewa za mtoto wa kiume huwa nyembamba kidogo, na uvimbe mdogo tu huziba.

Kinga kali ya mwanamke ina gharama yake. Chanjo ya mafua humpa kingamwili nyingi zaidi, pamoja na homa na maumivu ya mkono zaidi.

Mimba ndiyo inayopindua mizani. Tumbo husukuma kiwambo juu na kupunguza nafasi ya mapafu, moyo hufanya kazi zaidi, na kinga hubadilika ili kumvumilia mtoto. Katika mafua ya H1N1 ya mwaka 2009, wajawazito nchini Marekani walikuwa kama asilimia 1 ya watu wote, lakini asilimia 5 hivi ya waliokufa. Hatari hiyo haikomi siku ya kujifungua: wauguzi huendelea kumhesabu mama miongoni mwa walio hatarini kwa wiki 2 zaidi.