Mnara wa Simu Unajua Ulikolala

Simu iliyowashwa haitulii hata ukiitia mfukoni. Kila baada ya muda hujitambulisha kwa minara iliyo karibu, maana bila hivyo mtandao usingejua pa kukutafuta mtu akikupigia. Ukipiga, ukituma ujumbe au ukifungua intaneti, kampuni ya simu huandika namba yako, namba ya kifaa, saa, na mnara uliokuhudumia. Mjini, ambako minara imesongamana, kumbukumbu hiyo huweza kukuweka ndani ya mita mia kadhaa. Kijijini hukukosa kwa kilomita kadhaa. Haikubuniwa kwa ajili ya upelelezi. Ipo ili simu ziunganishwe na gharama zihesabiwe. Lakini mpelelezi akiisoma, anajua unalala wapi, unasali wapi, hospitali gani unakwenda kila mwezi, na usiku upi hukulala kwako.

Polisi kuitaka kumbukumbu hiyo si ajabu, wala si uonevu. Nani hajapokea ujumbe wa “ile hela itume kwenye namba hii”? Tapeli wa namna hiyo hukamatwa kwa njia ya laini yake. Mtoto akitekwa na mtekaji akapiga kudai fedha, mnara ndio wa kwanza kusema yuko upande gani. Anayedai serikali isiguse kabisa taarifa hizi hajawahi kukaa na familia inayomtafuta mtu wao.

Ugomvi uko kwingine: nani anafungua daftari hilo, kwa idhini ya nani, na linahusu watu wangapi.

Marekani, Timothy Carpenter alituhumiwa kushiriki katika mfululizo wa wizi wa kutumia silaha kwenye maduka ya simu huko Michigan na Ohio. Wapelelezi walipata kumbukumbu zake za siku 127, zenye alama 12,898 za mahali alipokuwa, wastani wa alama 101 kwa siku. Walikuwa na amri ya mahakama, ila ya aina nyepesi, isiyodai sababu nzito kama inayotakiwa kabla ya kupekua nyumba. Juni 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema hiyo haitoshi: kwa kawaida polisi wanapaswa kupata kibali kamili cha upekuzi. Wenye hofu walidhani majambazi wataachiwa. Carpenter hakuachiwa, mahakama ya rufani iliacha hukumu yake isimame, kwa kuwa wapelelezi walifuata sheria kama ilivyoeleweka wakati ule. Kilichoongezeka kwa kesi za baadaye ni hatua moja tu, polisi kumweleza hakimu kwa nini wanamshuku mtu huyu.

Hapo ndipo napingana na msemo wa kuweka usalama na faragha kwenye mizani. Unatufanya tuamini kwamba kila kipande cha faragha tunachotoa kinaturudia kama usalama. Ushahidi hausemi hivyo. Kwa miaka mingi shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu wasioshukiwa lolote. Januari 2014 bodi huru ya nchi hiyo inayosimamia faragha na haki za raia ilitoa ripoti yake: haikuona hata tishio moja dhidi ya Marekani ambalo mpango huo ulileta tofauti ya maana katika uchunguzi wake. Kumfuatilia mshukiwa ni kazi ya upelelezi. Kufuatilia umma mzima ni kuongeza marundo ya taarifa ambamo mshukiwa huzidi kupotea.

Kamera zinazotambua sura zina tatizo hilo hilo, na hapa hesabu ni kali zaidi. Wakati wa fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Cardiff mwaka 2017, mfumo wa polisi ulitoa tahadhari 2,470 kwamba mtu fulani anafanana na mtu aliye kwenye orodha. Tahadhari 2,297 zilikuwa za uongo. Maelfu kwa maelfu wakipita mbele ya kamera, hata kosa dogo kwa kila sura huzaa kundi kubwa la wasio na hatia, na askari anabaki kuhangaika nao huku anayetafutwa akinunua tiketi ya basi.

Kisha kuna mazoea ya taarifa zilizokusanywa kwa kazi moja kutumika kwa kazi nyingine. Singapore ilipoanzisha programu ya TraceTogether Machi 2020, wananchi waliambiwa ni ya kufuatilia walioambukizwa korona tu. Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi nao wanaweza kuzitumia taarifa zake katika uchunguzi wa jinai. Ilibidi Bunge lipitishe sheria ya haraka kuweka mipaka, baada ya watu kuona kwamba ahadi ya waziri si kufuli.

Kwetu Afrika Mashariki, mkusanyo umetangulia na kufuli limefuata. Kenya iliandikisha wananchi kwa Huduma Namba, namba moja ya utambulisho, katikati ya 2019. Sheria ya Ulinzi wa Data ikasainiwa Novemba mwaka huo. Januari 2020 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilizuia serikali kuchukua vinasaba vya watu na taarifa za GPS za mahali wanapoishi, na ikataka mfumo usiendelee bila kanuni madhubuti. Oktoba 2021 mahakama ikarudi tena na kusema kadi za Huduma Namba zimetolewa bila tathmini ya athari kwa data inayotakiwa kisheria. Tanzania nayo ilitaka kila laini isajiliwe kwa alama za vidole, tarehe ya mwisho ikiwa Januari 20, 2020. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Kwa miaka zaidi ya mitatu vidole vyetu vilikaa kwenye kanzidata bila sheria mahususi ya kuvilinda. Ibara ya 16 ya Katiba ilikuwapo, ndiyo, lakini Katiba haisemi taarifa zifutwe lini wala nani afungwe zikivuja.

Rai yangu ni fupi. Afisa anayetaka kujua nilikuwa wapi aende kwa hakimu na jina langu na sababu yake. Dharura ikiwapo, kama ya utekaji, aanze kazi kisha aende mahakamani ndani ya saa chache, siyo asiende kabisa. Kumbukumbu zisizo na kesi zifutwe kwa tarehe inayojulikana. Na idadi ya maombi ya polisi kwa kampuni za simu itangazwe kila mwaka, ili wabunge wawe na cha kuuliza.

Jambo moja unaweza kulifanya leo bila kusubiri Bunge. Mnara haumtambui mtu, unatambua laini. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako na mtu usiyemjua itakuweka mahali ambapo hukuwahi kufika, na wewe ndiye utakayeitwa kituoni kujieleza. Kama uko Tanzania, piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na usiyoitambua nenda kaifungishe.