Ghala Lisivuje: Kuziba Nyufa na Matundu Kabla ya Mvua



Mvua za Matamba huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa hiyo Oktoba ndio mwezi wa kuweka ngazi na kulitazama paa la ghala, maana humo hukaa mali isiyovumilia maji. Pareto iliyokaushwa ikipata unyevu huvunda na kupoteza ile sumu ambayo ndiyo hasa mnunuzi anailipia. Mbolea ya urea huvuta unyevu ikagandamana. Saruji ikilowa huwa jiwe. Hasara hizo humwangukia mwanachama aliyeleta gunia lake akiamini kwamba chama kitalitunza.

Kosa la kawaida ni kuziba mahali maji yanapodondoka. Maji huweza kuingia katika tundu moja, yakatambaa juu ya papi, ndipo yakadondoka hatua tatu mbali. Mtu mmoja na akae ndani akiwa na chaki, mwingine amwage maji juu ya paa, akianzia chini na kupanda polepole. Akianzia juu, paa lote litalowa na hamtajua tundu ni lipi.

Mara nyingi mkosaji ni msumari. Bati hupanuka mchana kwa jua na kunywea usiku kwa baridi, na baridi yetu si ya mchezo, hasa Juni na Julai ambapo jalidi huanguka Kitulo. Mwishowe msumari hulegea. Kuugonga tena hakusaidii siku nyingi. Ung'olewe, uwekwe mwingine mrefu zaidi, na chini ya kichwa chake pawe na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Nao upigiliwe kwenye mgongo wa bati. Bondeni ndiko maji yanakopita.

Ufa wa ukuta hutaka subira. Pakeni kibonge chembamba cha saruji kukatiza ufa, kisha andikeni tarehe juu yake. Kikipasuka baada ya majuma machache, ukuta ungali unatembea, na kuuziba ni kupoteza mali. Tazameni chini: aghalabu maji ya paa huanguka penye msingi, udongo ukalainika na msingi ukatitia. Chimbeni kwanza mfereji wa kuyaondoa maji. Kibonge kikibaki kizima, utanueni ufa kwa patasi, ondoeni vumbi, lowesheni, kisha jazeni. Ukuta wa matofali mabichi usijazwe saruji kali, ingawa wengi hudhani kwamba ukali ndio uimara. Saruji haishikani vizuri na udongo. Hubanduka, na maji hujificha nyuma yake. Udongo ule ule wa matofali, uliochanganywa na chokaa kidogo, hufaa zaidi.

Gari la chama nalo lina mavujo yake. Katika kimo cha meta 2,000 maji huchemka yakifikia nyuzi 93 hivi, wala si 100 kama pwani. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachobana mvuke na kuyazuia maji yasichemke mapema, hivyo mpira wake ukichakaa gari litachemka hata kama rejeta haina tundu. Msikifungue injini ikiwa ya moto. Tundu dogo la tangi la dizeli laweza kuzibwa kwa sabuni ya mche iliyokandwa, mpaka gari lifike kwa fundi. Kumwaga unga ndani ya rejeta ni kuziba njia nyembamba za maji pamoja na tundu.

Lakini liko vujo moja lisilo na dawa ya njiani. Barabara ya Matamba kwenda Chimala, ile ya kona ziitwazo Hamsini na Saba, huteremka ukingoni mwa milima, na dereva hutegemea breki tangu juu hadi chini. Kabla ya kupakia, dereva achungulie upande wa ndani wa kila gurudumu. Akiona unyevu wa mafuta ya breki, gari lisishuke. Mzigo ungoje fundi.