Olenguruone: Kiapo, Ardhi na Dola

Olenguruone, katika Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, ina nafasi ya pekee katika historia ya harakati za umma nchini Kenya. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni iliwahamishia huko Wakikuyu walioondolewa Umasaini. Wengi asili yao ilikuwa Kiambu, ambako walowezi walikuwa wametwaa mashamba ya koo zao. Kwa wakazi hao, Olenguruone ilikuwa fidia, hivyo mali yao. Kwa serikali, walikuwa wapangaji tu: walipangiwa mazao, wakaamriwa kuchimba matuta, na kila shamba likawekewa mrithi mmoja.

Walijibu kwa kiapo cha umoja. Awali chama cha Kikuyu Central Association, kilichopigwa marufuku mwaka 1940, kiliapisha watu wachache walioaminika. Olenguruone waliapa wote, wake kwa waume na watoto, ili asipatikane wa kuyakubali masharti ya serikali. Walipoamriwa kuhama, waligoma. Mwishoni mwa 1949 na mwanzoni mwa 1950 nyumba zilichomwa, mazao yakaharibiwa, mifugo ikakamatwa, na wengi wakapelekwa Yatta, eneo kame la Ukambani. Serikali ilipata shamba, lakini kiapo kilikuwa kimeshawafikia maskwota wa Bonde la Ufa. Kiapo kilipozidi kuenea, serikali ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952.

Baada ya uhuru wa 1963, dola iligeuka mgawaji: ilinunua mashamba ya walowezi kwa mikopo ya Uingereza na kutoa hati miliki. Lakini uwezo wa kugawa ulibaki mikononi mwa wachache, na ardhi ikawa tuzo ya utiifu. Vyama vingi viliporuhusiwa tena Desemba 1991, wanasiasa walichochea ukabila, na mwaka 1992 mapigano yakazikumba Molo na Olenguruone. Wenye hati walifukuzwa sawa na wasio nazo.

Misri ilipita njia inayofanana. Sheria ya Septemba 1952 iliwagawia wakulima wadogo ardhi ya makabaila na kuwalinda wapangaji. Sheria ya mwaka 1992 ikawaondolea ulinzi huo. Mwaka 2011 hasira dhidi ya dola iliyoacha ahadi zake zilifurika Medani ya Tahrir.

Nchini Kenya, shinikizo la makanisa, mawakili na vyama vya kiraia lilizaa Katiba ya 2010. Inatamka kwamba ardhi ni ya wananchi, na imeikabidhi Tume ya Taifa ya Ardhi usimamizi wa ardhi ya umma. Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, hati miliki ina nguvu pale tu chifu na polisi wanapomlinda aliyeishika, awe wa kabila lolote.