Watoto wa Taveta na Mlima Kilimanjaro: Maswali Matano na Majibu Yake

Mtoto anayekulia Taveta huuona Mlima Kilimanjaro kabla hajajua kusoma. Huuona asubuhi akipelekwa chekechea, mweupe juu ya migomba, kabla mawingu hayajaufunika. Ni rahisi akue akijua mambo mawili tu: kwamba ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika, na kwamba uko Tanzania. Yote mawili ni kweli. Lipo la tatu linalomhusu zaidi: maji ya chemchemi za Taveta hutoka kwenye mlima huo.

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Hata hivyo, mwalimu wa kwanza wa mtoto ni mzazi wake. Haya hapa ni maswali ambayo mtoto anaweza kuuliza, na majibu atakayoyaelewa.

Mbona una vilele viwili?

Ukiutazama kutoka Taveta, kilele kilichochongoka upande wa kulia ni Mawenzi, chenye urefu wa mita 5,149. Kile kipana chenye weupe upande wa kushoto ni Kibo. Sehemu ya juu kabisa ya Kibo huitwa Uhuru, nayo ina mita 5,895. Kilele cha tatu, Shira, kiko magharibi, nyuma ya Kibo, kwa hivyo hakionekani kutoka upande huu.

Mlima ulitoka wapi?

Mwambie mtoto akumbuke sufuria ya uji mzito ukichemka. Uji hutokota, hupasuka juu na kumwagika, kisha hupoa na kuganda. Ndani kabisa ya ardhi kuna mawe yaliyoyeyuka kwa joto. Mawe hayo yalipanda juu, yakamwagika na kuganda, tabaka juu ya tabaka, hadi mlima ukasimama. Mlima wa aina hiyo huitwa volkano.

Ziwa Chala, lililoko mpakani kaskazini mwa mji wa Taveta, limo ndani ya shimo la volkano. Watoto wakipelekwa kuliona, wasimamiwe na watu wazima na wasiingie majini. Kingo zake zina mteremko mkali na maji yake ni ya kina kirefu.

Je, utalipuka?

Shira na Mawenzi zimezimika. Kibo husemekana imelala: bado hutoa mvuke kidogo kwenye shimo lake la juu, lakini hakuna kumbukumbu ya maandishi kwamba imewahi kulipuka. Mtoto hana haja ya kulala na hofu.

Theluji inakaaje karibu na Ikweta?

Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopoa, takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Mji wa Taveta ukiwa na joto la nyuzi 30, kileleni kunaweza kuwa na nyuzi sifuri au chini yake. Matone yanayoanguka hapa kama mvua, huko juu huanguka kama theluji. Theluji ikirundikana kwa miaka mingi hushindiliwa ikawa barafu.

Zamani wapo waliokataa kuamini jambo hilo. Mnamo Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai, alipita katika nchi ya Wataita na kuuona mlima. Taarifa yake ilipofika Ulaya, baadhi ya wasomi jijini London waliibisha kwa miaka. Wenyeji waliokuwa wakiutazama kila siku hawakuhitaji kungoja jibu la London.

Barafu hiyo sasa inapungua. Mwaka wa 1912 ilifunika takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 zilikuwa zimesalia chini ya 2. Mtoto anayeiona leo huenda asiweze kuwaonyesha wajukuu wake.

Barafu ikiisha, maji yatakauka?

Hapa ndipo watu wazima wengi hukosea. Maji mengi ya mlima hayatokani na barafu. Hutokana na mvua na ukungu kwenye ukanda wa msitu, chini sana ya kilele. Miti hunasa ukungu, majani yaliyooza na mizizi huyashika maji, nayo huzama polepole ardhini. Husafiri chini kwa chini na kutokeza kwenye chemchemi kama Njoro Kubwa, na katika Ziwa Chala. Mto Lumi nao huteremka kutoka mlimani hadi Ziwa Jipe. Ndiyo maana Taveta hulima ndizi hata katika eneo lenye mvua chache.

Kwa hivyo kinachopaswa kulindwa kwanza ni msitu, na miti iliyozunguka chemchemi. Msitu wa mlimani uko ng'ambo ya mpaka, lakini kingo za chemchemi na mito ya Taveta ziko mikononi mwa wakazi wenyewe. Anayekata miti hapo au kutupa taka anaharibu maji ya nyumba yake.

Mtoto anaweza kulithibitisha hili mwenyewe. Chukua mabeseni mawili ya zamani yaliyotobolewa chini. Jaza moja udongo mtupu, na jingine udongo wenye nyasi na majani makavu. Yainamishe kidogo, kisha mwagia kila moja kikombe cha maji. Kwenye udongo mtupu maji yatateremka haraka yakiwa na matope. Kwenye nyasi yatazama taratibu na kudondoka polepole.

Baada ya hapo, asubuhi yenye anga safi, mtoke nje pamoja kabla mawingu hayajapanda. Mwulize akuonyeshe Mawenzi, kisha Kibo, kisha mahali maji ya nyumbani yanapoanzia. Akionyesha msitu badala ya kilele, ameelewa.