Upasuaji wa Kupunguza Unene: Uliza Kabla ya Kutia Sahihi

Dada mpendwa, unene wa kupindukia ni maradhi, wala si aibu kumwendea daktari anayeutibu kwa upasuaji. Lakini kuuliza si ujinga. Yaulize haya mapema.

Upasuaji huu si wa urembo. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 huupendekeza kwa mwenye kipimo cha BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu, cha 35 na zaidi, au 30 ikiwa ana kisukari. Katika aina inayofanywa sana, daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, na kilichoondolewa hakirudi. Baada ya hapo mgonjwa hula kidogo kidogo, humeza vitamini na madini maisha yake yote, na hupimwa damu kila mwaka. Asiyeyafuata haya huweza kupungukiwa na damu, na uzito huweza kumrudia.

Mambo mawili yatuhusu hasa. La kwanza ni mimba. Uzito ukipungua, uzazi huweza kufunguka upesi, ilhali madaktari hushauri kungoja miezi 12 hadi 18 ili mtoto asikose lishe tumboni. Kwa hiyo mume naye ahudhurie mazungumzo hayo. La pili ni Ramadhani. Tumbo dogo haliwezi kupokea maji mengi kwa mkupuo wakati wa kufuturu, na tende nyingi zaweza kuleta kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Mwulize daktari ni lini utaweza kufunga. Sheria yetu imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Mwenyezi Mungu akupe siha na subira.