Kwa Nini Sahani ya Santuri Haitoi Mdundo wa Ukumbini

Katika miaka ya 1970, usiku wa dansi mjini Mwanza, mvuvi wa dagaa aliyekuwa na karabai yake mbali ziwani aliweza kusikia muziki ambao haukuwa sawa na ule uliochezwa ukumbini. Maneno ya mwimbaji hayakumfikia, wala gitaa la solo. Kilichomfikia ni mdundo wa ngoma na gitaa la besi. Mtu aliyebaki nyumbani, akaiweka sahani ya wimbo ule ule juu ya santuri ndogo ya betri, alipata kinyume chake: maneno yote yalikuwapo, solo lilikuwapo, lakini ule mdundo uliotikisa kifua ulikuwa umetoweka. Hata leo wapenzi wa muziki wa zamani wakutanapo, ubishi huanzia hapo. Mmoja hushikilia kwamba bendi ilipiga kwa uzito zaidi kuliko sahani inavyoonyesha. Mwenzake humwambia kwamba anatia chumvi. Sehemu kubwa ya ubishi huo yaweza kuamuliwa kwa fizikia.

Yafaa kwanza kueleza uzito wa muziki ni kitu gani. Sauti ni mtetemo wa hewa, na sauti nene ni ile yenye mitetemo michache kwa sekunde. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi, ukifungwa kwa kawaida, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 345 kwa sekunde katika hewa ya joto la Mwanza, wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani hupita urefu wa vyumba vingi vya kuishi. Sauti yenye mitetemo 10,000, kama ile ya sahani za shaba za mpiga dramu, ina wimbi la sentimita tatu na nusu tu. Tofauti hii ndiyo chanzo cha mambo yote yafuatayo.

Wimbi refu huzunguka vizuizi na kupenya kuta; wimbi fupi hurudishwa na ukuta, na likisafiri mbali hewa yenyewe hulimeza. Ndiyo maana mvuvi alibakiwa na besi. Aidha, usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka mjini kwenda ziwani. (Pepo hizo hizo, zikikutana katikati ya ziwa kutoka pande zote, ndizo zisababishazo mvua nyingi za radi za alfajiri.) Upepo ulio karibu na uso wa maji huenda polepole kuliko ulio juu, hivyo wimbi la sauti lifuatalo upepo hutangulia kwa upande wake wa juu na kupinda kuelekea chini, badala ya kupotea angani. Uso wa maji matulivu nao hauimezi sauti, bali huirudisha.

Wenyeji wa pwani hii walijua nguvu ya sauti nene kabla ya umeme. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, vyama viwili vya Bagika na Bagalu hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule avutaye watazamaji wengi. Ngoma kubwa isikikayo mbali ni silaha katika vita hivyo. Ngozi pana hutetema polepole. Ikianikwa kwenye moto hukaza na sauti yake hupanda. Ngoma za watemi zilizohifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, ni somo zuri la jambo hilo kwa darasa lolote la fizikia lililo karibu na Mwanza.

Kanuni hiyo haina taifa. Huko Birmingham, Uingereza, mpiga gitaa Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani katika miaka ya 1960. Ili kupunguza maumivu alilegeza nyuzi zake, na katika baadhi ya nyimbo za bendi yake, Black Sabbath, zilizotoka mwaka 1971, uzi mnene ulishuka kutoka mitetemo 82 hadi 69 kwa sekunde. Kulegeza huko kuliondoa kiasi cha asilimia 30 ya mvutano wa uzi. Muziki ulioitwa mzito duniani kote uliongezewa uzito, kwa sehemu, na jeraha la mfanyakazi wa kiwanda.

Sasa turudi kwenye sahani. Mfereji uliochongwa juu yake ni picha ya mtetemo: sindano hufuata mapindo yake kulia na kushoto, nayo mapindo hayo hugeuzwa kuwa umeme, kisha kuwa sauti. Taabu iko hapa: kama sauti mbili zingechongwa kwa nguvu sawa, ile ya mitetemo 50 kwa sekunde ingeupindisha mfereji mara 20 zaidi ya ile ya mitetemo 1,000. Mfereji ungevamia jirani yake, na sindano ingeruka. Kwa hiyo wachongaji huipunguza besi kwa makusudi. Kwa kipimo kilichokubaliwa mwaka 1954, sauti ya mitetemo 50 hupunguzwa hadi takribani sehemu moja ya saba, na sauti nyembamba huongezwa. Santuri nayo hutakiwa kuirudisha besi iliyopunguzwa. Santuri nzuri hufanya hivyo. Santuri rahisi ya betri, yenye spika isiyozidi kiganja cha mkono, haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kwa wimbi la mita 8, hata umeme wake ukiwa sahihi.

Sikio nalo lina hila yake. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Marekani walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio huwa gumu zaidi kwa besi kuliko kwa sauti za kati. Muziki ule ule ukichezwa polepole sebuleni hupoteza uzito, ingawa hakuna kilichobadilishwa. Basi yule mzee asemaye kwamba ukumbini palikuwa na besi zaidi hakutia chumvi.

Kuna hasara nyingine ambayo wengi huitia lawama bendi bure. Nyimbo za dansi za Afrika Mashariki zilikuwa ndefu kuliko nafasi ya sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, hivyo mara nyingi wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa nyuma. Wimbo ulianza taratibu kwa maneno, na chemko, pale magitaa yanapokaza mwendo na wachezaji wanapojaa uwanjani, likaangukia mwisho wa upande wa pili. Mwisho wa sahani uko karibu na kitovu. Kwenye ukingo, sindano hupitiwa na sentimita 40 hivi za mfereji kila sekunde. Karibu na kitovu hupitiwa na 25 tu. Mapindo ya sauti ya mitetemo 10,000, yaliyokuwa na urefu wa sehemu 40 za elfu moja za milimita, hubanwa kuwa 25, nayo ncha ya sindano yenyewe ina nusu kipenyo cha sehemu 18 hivi. Sindano iliyochakaa haiwezi kuingia katika mapindo hayo; huyakwangua. Kwa hiyo mahali palipopendwa zaidi, na kurudiwa zaidi, ndipo palipokuwa dhaifu zaidi na ndipo palipoharibika kwanza.

Uharibifu huo si jambo dogo. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini sahani zilichapwa Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, hadi 1983, njia ya sahani hizo ilizibwa. Mbaraka Mwinshehe, aliyeiongoza Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mnamo Januari 1979. Kijana wa leo hana njia ya kumsikia ila kwa yale yaliyobaki katika tepu na mifereji.

Sahani isilazwe moja juu ya nyingine, bali isimamishwe wima. Ishikwe ukingoni, kwani mafuta ya vidole hunasa vumbi. Plastiki yake huanza kulegea inapokaribia joto la digrii 60, nalo joto hilo hupatikana kwa urahisi ndani ya gari lililofungwa juani. Anayetaka kunakili wimbo katika kompyuta aisafishe sahani, atumie sindano mpya, na aicheze mara chache iwezekanavyo. Aandike pia habari ambazo lebo haina: ni nani aliyepiga besi, ni ukumbi gani, ni mwaka gani. Hayo yamo katika vichwa vya wale wabishi wa mwanzo, na wengi wao sasa ni wazee.

Wengi wao pia masikio yamepungua. Wataalamu hushauri kwamba kelele ya desibeli 85 isivumiliwe zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo ukatwe nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo ukumbi wa dansi huzifikia, hubaki dakika 15. Mlio masikioni asubuhi ya pili yake ni dalili ya chembe za sikio la ndani zilizochoka, na zikifa hazioti tena. Huanza kupotea sauti nyembamba. Besi hudumu.

Mwalimu aweza kuuonyesha mfereji ukisema bila umeme wowote. Achukue sahani iliyokwisha haribika kabisa, aitie penseli kwenye tundu la kati, akunje karatasi kuwa pia na kuichoma sindano ya kushonea nchani. Mwanafunzi mmoja aizungushe sahani kwa mwendo sawa, mwingine aigusishe sindano kwenye mfereji kwa wepesi. Sauti ya mwimbaji itatoka katika karatasi, nyembamba kama ya mbu, na darasa zima litatambua kwamba besi haimo.