Farasi Ndiye Aliyekimbia, Si Mtoto Wako

"Mwalimu, atakimbiza farasi siku ya ngapi?"

Likizo ikikaribia, iwe ya Agosti hapa Nairobi au ya kiangazi kwa jamaa zetu walioko Uingereza na Marekani, swali ni hilo hilo. Huulizwa kabla ya bei, kabla ya chakula cha mchana, na kabla ya lile ambalo ningelitarajia kwa mzazi: nani atakuwa karibu na mtoto pale farasi atakaposhtuka? Swali hili lina ndugu yake, naye huja kwenye fomu. Tunamwomba mzazi aandike kiwango cha mtoto: anayeanza, wa kati au wa juu. Anaandika "wa juu". Ukimuuliza kwa nini, jibu liko tayari: "Mbona alishakimbiza farasi, mwalimu! Ninayo video."

Video sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na maana inayobandikwa juu yake.

Kambi ya kutwa ya kupanda farasi hukusanya watoto wa kila namna kwa wiki moja: yule ambaye hajawahi kumgusa farasi, yule aliyepandishwa mara moja ufukweni Mombasa akiongozwa kwa kamba, na yule anayekuja kila Jumamosi mwaka mzima. Kuwagawa sawasawa ndiyo kazi nzito kuliko zote, na kila likizo kazi hiyo huvurugwa na imani moja: kwamba daraja la mpanda farasi hupimwa kwa kasi. Anayetembea ni mchanga, anayekimbia amefuzu. Nimeisikia imani hii kwa madaktari, mawakili na wahandisi, watu ambao katika kazi zao wasingekubali kipimo cha kijinga namna hiyo hata kidogo.

Tuanze na farasi mwenyewe. Ni mnyama wa kundi, na ni mnyama anayewindwa. Usalama wake uko katika kufanya wanachofanya wenzake, tena upesi. Wa mbele akichomoka, wa nyuma hangoji ruhusa ya mtoto wa miaka minane aliye mgongoni. Isitoshe, farasi wa shule ni mfanyakazi mzoefu. Uwanja ameuzunguka mpaka anaijua kona ambayo huwa tunaongeza mwendo, na sauti ya mwalimu anaitambua vizuri kuliko mguu wa mtoto. Ninapotamka amri, ameshaondoka kabla mtoto hajakumbuka kuminya miguu. Wako wanaoondoka nikivuta tu pumzi ya kutamka. Kwa hiyo kinachoonekana kwenye ile video ni farasi anayemtii mwalimu na kumfuata mwenzake, huku amebeba abiria. Na abiria wa matatu haombi leseni ya udereva kwa sababu gari lilifika Thika upesi.

Ukitaka kujua kama mtoto alikuwa akiendesha au akiendeshwa, usiongeze mwendo. Upunguze. Mwambie amtoe farasi wake kwenye msafara, amwelekeze mbali na lango na mbali na wenzake, kwa mwendo wa kutembea tu. Hapo ndipo wengi wa "wa juu" hukwama. Farasi anapiga hatua tatu, anageuza shingo, anarudi zake kundini, na mtoto anabaki akivuta hatamu kwa mikono miwili uso ukiwa umemwiva. Hajui kutumia mguu, hajui kutumia uzito wake, hajui hata kwamba farasi amemkatalia. Huyo ni mtoto anayeanza. Si aibu kuwa anayeanza. Hatari ni kuandikwa kitu kingine.

Tena, kasi na ugumu si kitu kimoja. Farasi ana miendo minne. Kutembea kuna mapigo manne ya kwato, moja baada ya jingine, kwa kilomita kama sita kwa saa. Telki ina mapigo mawili: mguu wa mbele wa kulia hukanyaga pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili, na kati ya jozi na jozi mwili wote wa farasi huwa hewani kwa nukta ndogo. Kanta ni ya haraka zaidi, ina mapigo matatu, na humpembeza mpandaji mbele na nyuma. Shoti ndiyo mbio kamili, kilomita 40 na zaidi kwa saa, na haina kazi yoyote katika kambi ya watoto.

Sasa mpandishe mtoto. Kwenye kanta ya farasi mpole anaweza kushikilia singa, au ukingo wa mbele wa tandiko, akapembezwa mizunguko miwili na bado akacheka na kamera. Kwenye telki hakuna pa kujificha. Kila pigo linamrusha. Inambidi ainuke na kukaa kwa mdundo, akiinuka wakati bega la farasi la upande wa nje linapokwenda mbele, bila kujivuta kwa hatamu, bila kubana magoti, visigino chini, macho mbele, na kona inakuja. Nionyeshe mtoto anayeweza hayo kwa dakika tano mikono yake ikiwa imetulia, nami nitakwambia kanta yake haiko mbali. Nionyeshe anayekanta bila kuijua telki, nami nitakuonyesha anayengoja kuanguka.

Nimetaja mikono kwa makusudi. Mwisho wa hatamu kuna lijamu, chuma kilichokaa kinywani mwa mnyama, juu ya ulimi na juu ya ufizi mahali pasipo na meno. Mtoto asiye na mizani hujishikiza kwenye hatamu, na kila anapoyumba chuma kile kinamchapa farasi kinywani. Farasi mpole huvumilia, kisha huzoea, kisha huacha kujali. Siku mtoto mwingine akimvuta kwa dhati ili asimame, hasikii tena. Halafu wazazi wale wale huuliza kwa nini farasi wa shule wana vinywa vigumu! Vimefanywa vigumu na wapandaji waliokimbizwa kabla ya wakati wao.

Kama kasi ingekuwa kipimo, mashindano ya dresaji kwenye Olimpiki, yaliyomo tangu 1912, yangekuwa ya wanagenzi. Mojawapo ya miondoko migumu mno kule ni pyafe: farasi hupiga telki pale pale alipo, karibu bila kusogea. Farasi na mpandaji huifanyia kazi kwa miaka, na kilomita kwa saa ni kama sifuri. Na huko Vienna, katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi, ambayo historia yake inaanzia karne ya 16, mwanafunzi mpya huwekwa kwenye kamba ndefu: mwalimu anasimama katikati, farasi anamzunguka, na mwanafunzi hukaa bila hatamu wala vikuku vya kukanyagia. Hali hiyo haiishi kwa siku mbili wala wiki mbili. Hiyo ndiyo kamba ambayo mzazi wa Nairobi huiita ya watoto wachanga, akanipigia simu jioni kulalamika kwamba mwanawe "amerudishwa nyuma".

Hajarudishwa popote. Kamba inamwondolea kazi ya kumwongoza farasi ili abaki na kazi moja tu, ya kujifunza kukaa. Nusu saa ya kamba iliyofundishwa vizuri humfaa kuliko asubuhi nzima ya kuandamana nyuma ya mkia wa farasi mwingine.

Kuna wanaonijibu kwa mfano wa Lamu. Mbona vijana wa kule hupanda punda bila tandiko wala mwalimu, na wakati wa Maulidi wanashindana mbio? Mfano ni mzuri, ila anayeutoa hajautazama mpaka mwisho. Kijana wa Lamu amekua na punda. Amempakia mchanga na mawe, amemswaga kwenye vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa shida, amemsimamisha ghafla kumpisha mzee anayetoka msikitini. Mbio zake zimesimama juu ya miaka ya mwendo wa pole, mizigo na amri ndogo ndogo zilizotiiwa. Kambi ya siku tano haiuzi miaka hiyo, kwa bei yoyote.

Kosa dogo la jirani ni kuhesabu miaka. "Amepanda miaka mitatu" huweza kuwa mara moja kila Desemba. Tuambieni ni mara ngapi kwa mwezi, na alikuwa akifanya nini huko juu.

Basi viwango vyenyewe ni hivi. Anayeanza ni yule ambaye bado hawezi kumsimamisha na kumgeuza farasi peke yake. Wa kati anatembea na kupiga telki bila kamba, anabadilisha mwendo pale anapotaka yeye, na anaweza kumtenga farasi na kundi. Wa juu, kwa kipimo cha kambi, anakanta akijua mguu upi wa farasi unaongoza, anaruka vizuizi vidogo, na anaweza kupewa farasi asiyemjua bila kumvuruga. Ukimwandika mtoto chini ya kiwango chake, tutamwona na kumhamisha kabla ya chai ya saa nne. Ukimwandika juu yake, atakayegundua wa kwanza ni farasi.

Na wote watatu watafagia zizi. Najua, kuna simu nyingine hapo: "Nimelipa apande, si azoe mavi." Pony Club, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1929 na kuenea nchi nyingi, hutahini utunzaji wa farasi pamoja na upandaji, na ina sababu. Si ajali zote hutokea mgongoni. Mateke na kukanyagwa huwapata walio chini. Mtoto anayesugua, kutandika na kukagua kwato anajifunza kumkaribia mnyama wa kilo 400 kwa upande wa bega huku akimsemesha, kwa kuwa farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja. Anajifunza pia kusoma masikio: yakilala nyuma, rudi nyuma. Hilo ni somo, na limo kwenye ada.

Haya, mambo ya kufanya, haraka haraka. Mtoto chini ya miaka sita: nusu siku inatosha, juu ya poni anayeongozwa na mtu mzima. Anayeanza: tafuta kambi yenye msaidizi kwa kila mtoto siku za mwanzo. Wa kati: vikundi vidogo, na uwanja wenye uzio. Wa juu: omba abadilishiwe farasi kila siku, kwa maana farasi mmoja anayemzoea humdanganya. Ndugu wawili wenye viwango tofauti wasilazimishwe kundi moja ili picha ipendeze. Mtoto anayeogopa asisukumwe. Mpe brashi, aanzie chini.

Helmeti iwe ya kupandia farasi, si ya baiskeli, yenye alama ya kiwango kinachotambulika kama ASTM F1163 au PAS 015, imkae bila kucheza. Ikishapigwa kwa nguvu katika anguko, itupwe, hata kama haina ufa unaoonekana. Viatu viwe na kisigino kifupi na soli isiyo na meno makubwa, mguu usije ukapenya au kunasa kwenye kikuku. Suruali ndefu. Asubuhi za Agosti Nairobi zina baridi, basi sweta, lakini si skafu inayoning'inia. Hakikisha chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Ukifika, uliza nani ana mafunzo ya huduma ya kwanza na hospitali ipi iko karibu. Uliza farasi hupumzika saa ngapi, kisha tazama migongo yao: farasi mwenye vidonda chini ya tandiko amekwisha kukueleza habari za kambi ile. Sema na saisi, maana yeye hukaa na farasi kuliko sisi sote. Pata ahadi ya wazi kwamba mtoto aliyegonga kichwa harudi juu ya farasi siku hiyo hata akiapa kuwa yuko sawa, kwa kuwa dalili za mtikisiko wa ubongo huweza kuchelewa kujitokeza. Habari za kumrudisha juu papo hapo ili hofu isimwingie ziacheni kwenye sinema.

Kambi isiyouliza uzito na urefu wa mtoto kabla ya kumchagulia farasi, achana nayo. Na ile inayokuahidi mbio siku ya kwanza, usizime hata gari. Geuza, mrudi nyumbani.